Kupanda Mlima kwa Baiskeli Pasipo Kushika Lori

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Bugarama ina kilometa zipatazo 35, na karibu zote ni za kupanda. Huku chini, Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kule juu Bugarama, mahali ambapo njia ya Kayanza na njia ya Muramvya huachana, umekwisha kupita mita 2,000, na hata mchana huenda ukahitaji koti kwa ajili ya ukungu. Kila alfajiri vijana hushuka kwa njia hiyo na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, upepo ukiwavumia masikioni. Jioni hurudi juu, na wengi wao hurudi wakiwa wameshika nyuma ya lori.

Ndugu msomaji, nami nimelishika lori. Sisemi haya kwa fahari. Wazazi wangu wanakaa mbele ya Bugarama, mimi ninafanya kazi ya ofisi huku chini, na baba amekuwa mzee wa kutembelewa kila mara. Nauli ya basi kila mwisho wa mwezi si jambo jepesi kwa mtumishi mwenye watoto watatu. Nikanunua baiskeli ya chuma, nikadhani kwamba mtu wa miaka 34 aliyewahi kufundisha watoto michezo ya viungo hatashindwa na mlima. Sikufika hata kilometa ya sita. Nilianza kwa mbio mbele ya watu waliokuwa wakinitazama, nikakatika pumzi, nikakaa kando ya mfereji nikiona nyota. Lori likapita polepole, nikalishika.

Safari ya pili nililishika tena. Kwenye pembe nyingine ya lori hilohilo alikuwako kijana mmoja asiyezidi miaka ishirini. Kwenye kona gari likakwepa shimo, mkono wake ukaponyoka, akaanguka chini ya ukingo na baiskeli juu yake. Alivunjika mguu mahali pawili. Tulimbeba kwa mlango wa mbao tulioazima katika nyumba ya jirani. Nilipomsimulia mke wangu usiku ule hakusema neno, ila aliichukua pampu ya baiskeli akaifungia kabatini. Siku ya tatu nikamwomba anipe miezi mitatu nijifunze kupanda kwa miguu yangu mwenyewe; nikishindwa, baiskeli iuzwe.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mlima haupandwi kwa ujasiri. Kwenye tambarare nguvu nyingi hupotea kwa kupambana na upepo. Kwenye mteremko mkali mwendo ni mdogo, upepo si kitu, na karibu nguvu yote huenda katika kuinua uzito. Basi pima hesabu hii, nayo ni ya darasani: mwili kilo 70, baiskeli ya chuma kilo 20, na mzigo kilo 10, jumla kilo 100. Ukiuacha ule mzigo nyumbani, umejipunguzia sehemu ya kumi ya kazi yote ya kupanda. Nilikuwa nikimpelekea baba sukari, chumvi na sabuni kutoka mjini, hali vyote vyauzwa dukani Bugarama. Siku hizi nachukua fedha tu.

La pili ni meno ya gia. Baiskeli yangu ilikuwa na meno 46 mbele na 18 nyuma, haina gia za kubadili. Kila mzunguko mmoja wa pedali uliisukuma mbele mita 5 na nusu na zaidi. Huo ni mwendo wa kupendeza kandokando ya ziwa, lakini mlimani ni adhabu, kwa maana miguu huzunguka polepole mno na kila mkanyago ni kama kubeba gunia. Fundi alinibadilishia la nyuma akaweka la meno 22, na mzunguko mmoja ukawa wa mita 4 na sehemu 6. Tofauti ya mita moja tu, lakini magoti yangu yaliitambua siku ileile. Wenye baiskeli za gia nyingi wana bahati zaidi: wachague gia ambayo meno ya mbele yanalingana na ya nyuma au kukaribiana, hata miguu izunguke mara 60 au 70 kwa dakika. Wengine huona haya kutumia gia nyepesi, wakidhani ni ya watoto. Wakumbuke ya Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, kwa jirani zetu Kigali. Mbio za wanaume zilikuwa za kilometa 267 na nusu, na kati ya wanaume zaidi ya 150 walioanza, wote mabingwa wenye baiskeli nyepesi na madaktari wao, waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Vilima havikuwaheshimu hao, vitatuheshimu sisi?

Kiti nacho kitazamwe. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Vijana wengi hukaa chini mno, magoti yakigonga kifua, kisha hulaumu mlima. Cheni isafishwe na kutiwa mafuta, na matairi yajazwe upepo wa kutosha.

Sasa mazoezi yenyewe. Nilitafuta kilima kifupi karibu na nyumbani, cha kupanda kwa dakika tano hivi. Mara mbili kwa juma, kabla ya kazi, nilikipanda mara tatu, nikishuka taratibu katikati ili kupumzika. Baada ya majuma mawili nikapanda mara nne, hatimaye mara sita. Jumapili nilikwenda safari ndefu ya polepole, saa mbili au tatu, na siku zilizobaki nilipumzika bila kujilaumu, kwani msuli hujengeka mtu akiwa amelala. Kipimo changu hakikuwa saa ya mkononi bali mdomo. Ukiweza kuimba, unakwenda polepole mno. Ukiweza kutamka sentensi fupi kisha ukavuta pumzi, huo ndio mwendo wa mlima mrefu. Usipoweza kumjibu anayekusalimu, punguza mara moja, maana pumzi iliyopotea kilometa ya pili hairudi hata kilometa ya ishirini. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu asijaribu hata hayo kabla ya kumwona daktari.

Njiani, kaa kitini kadiri uwezavyo. Kusimama juu ya pedali hula nguvu nyingi, nako kunafaa mahali pakali pafupi tu, au kuupumzisha mgongo. Mikono ilegee. Barabara ipindapo kulia, ukingo wa ndani ndio mkali zaidi, basi punguza mwendo kabla haujakupunguza wenyewe.

Kina mama mnaosoma ukurasa huu mtauliza habari ya chakula. Usiku wa kuamkia safari mke wangu hupika maharage na viazi vitamu pamoja na lengalenga. Asubuhi nakunywa uji mwembamba saa moja kabla ya kuondoka, na mfukoni natia ndizi mbivu mbili na kipande cha kiazi chenye chumvi. Maji hunywewa kidogo kidogo tangu mwanzo. Anayengoja kiu amechelewa.

Juma la kumi na mbili niliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Malori manne yalinipita, na utingo wa moja aliniita kwa mkono nishike. Nilipumzika mara mbili, mara ya pili kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Saa nne kasorobo nilikuwa sokoni Bugarama, nimezungukwa na kabichi na karoti, miguu ikitetemeka. Baba aliponiona aliuliza kwanza kama breki zangu ni nzima, kwa kuwa yeye, aliyeshuka mlima ule kwa baiskeli ujanani, alijua kwamba bado nina kurudi. Tulizikagua pamoja, tukabadilisha mpira mmoja wa nyuma uliokwisha.

Yule kijana aliyevunjika mguu anatembea sasa, kwa kuchechemea. Nilipopita kumjulia hali mwezi uliopita aliinama akayahesabu meno ya gia yangu moja baada ya moja kwa kidole, kisha akaniuliza fundi anatoza kiasi gani.