Birika Lisemalo: Uchongaji, Hati na Lugha Kanisani Bridekirk

Kazi nyingi za wachongaji wa Ulaya ya zama za kati zimetufikia bila majina ya waliozitenda. Birika la ubatizo katika kanisa la kijiji cha Bridekirk, karibu na mji wa Cockermouth, kaskazini magharibi mwa Uingereza, ni kinyume cha hali hiyo. Birika hili la jiwe lilichongwa katika karne ya 12, nalo humtaja fundi wake waziwazi.

Upande mmoja wa birika una utepe uliochorwa maandishi mafupi: mishororo miwili yenye vina. Msemaji wake si fundi, bali ni birika lenyewe. Linajiita "mimi", kisha linaeleza kwamba Rikarth ndiye aliyelitengeneza na kulifikisha kwenye fahari yake. Hii ni tashihisi, nayo haikuwa ngeni nchini humo. Pambo la dhahabu la karne ya 9 linalohusishwa na Mfalme Alfred nalo husema kwa nafsi ya kwanza kwamba Alfred aliagiza litengenezwe. Tofauti ni kwamba pambo lamtaja aliyeagiza, ilhali birika lamtaja aliyefanya kazi kwa mikono yake. Tena, upande huohuo wenye maandishi amechongwa mtu mwenye nyundo na patasi, akiwa kazini. Aghalabu wataalamu humchukulia kuwa ndiye Rikarth. Upande mwingine unaonyesha ubatizo wa Kristo, njiwa akiwa juu yake.

Jambo la pili ni lugha. Baada ya Wanomani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kilatini kiliendelea kuwa lugha ya ibada, nacho Kifaransa kikawa lugha ya watawala. Kiingereza kilibaki vinywani mwa umma, kikiwa na nafasi finyu katika maandishi rasmi. Hata hivyo, Rikarth aliandika kwa Kiingereza, tena juu ya chombo kitakatifu. Hati aliyotumia ni runi za Kiskandinavia, akichanganya na herufi chache za waandishi wa Kiingereza. Sababu yaeleweka: Waskandinavia walikuwa wamelowea eneo hilo tangu karne ya 10. Jina lake, kwa upande wake, ni miongoni mwa majina yaliyoenezwa nchini na Wanomani.

Hivyo basi, jiwe moja limebeba jina la mtindo wa watawala, hati ya walowezi na lugha ya wanakijiji. Mchanganyiko huo haukuvuruga ujumbe, kwani ndio uliokuwa usemi halisi wa mahali hapo.

Jengo la sasa la kanisa lilijengwa kati ya 1868 na 1870. Birika limedumu, na jina la fundi lingali linasomeka. Rikarth hakungoja lugha ya umma ipewe cheo ndipo aiandike. Aliipa cheo kwa kuichonga pale ambapo kila mtoto wa kijiji alipokelewa kanisani.