Binti Yetu na Isimu

"Atakula nini?" Akina mama wenzetu hapa Ujiji hawaachi kutuuliza, tangu binti yetu achague isimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata sisi tulinuna, tulimtazamia uuguzi. Isimu huchunguza lugha yenyewe: sauti, maumbo ya maneno, sentensi, maana. Likizo alimketisha bibi yake akaandika Kiha chake, lugha ambayo, tofauti na Kiswahili, hupambanua maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kitabu cha sarufi ya Kiha alichokuja nacho kiliandikwa na Lotta Harjula wa Ufini, 2004. Mgeni! Nasi wauguzi tumezalisha wanawake wasiojua Kiswahili, tukikisia tu wanaumwa wapi. Sasa jioni binti hutufundisha kuwauliza.