Bawa la kitambaa na jua la Rongai

Mtu wa pwani akiambiwa kuna ndege zenye mabawa ya kitambaa, hucheka. Lakini tanga la jahazi ni nini, ndugu msomaji? Wazee wetu walivuka bahari kwa merikani iliyoshonwa kwa mkono.

Kule Bonde la Ufa jambo hili si geni. Njoro, jirani na Rongai, ndiko alikokulia Beryl Markham, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936. Ndege za Gipsy Moth za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, zilikuwa na mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa. Hadi leo wanaojitengenezea ndege ndogo nyumbani hupenda njia hiyo, maana ni nyepesi na haihitaji mitambo ya bei ghali.

Zamani kilitumika kitambaa cha pamba au kitani. Siku hizi ni poliesta. Hubandikwa kwa gundi juu ya mbavu za bawa, kisha hupigwa pasi: kwanza nyuzi 120 hivi za Selsiasi, mwisho kama 177. Kitambaa hunywea kikakaza kama ngozi ya ngoma. Moto ukizidi, hulegea. Baada ya hapo hushonewa kwenye mbavu, kwa sababu ndege ikiwa angani hewa hukifyonza kitambaa cha juu kana kwamba yataka kukibandua.

Adui mkubwa ni jua. Rongai iko karibu na ikweta, mwinuko wa takriban mita 1,900, na kila upandapo mita 1,000 miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Poliesta iliyo wazi juani haimalizi muda mrefu. Ndiyo maana kabla ya rangi ya urembo hupakwa tabaka za rangi ya fedha yenye unga wa aluminiamu. Tabaka hizo zikishafunikwa hazionekani, na hapo ndipo mtu hushawishika kubana pesa. Kuzipima ni rahisi: usiku, washa taa ndani ya bawa. Panapopenya mwanga wa taa, jua nalo hupenya.

Hatari yenyewe ni kwamba kitambaa kilichokufa hakijitangazi. Rangi hung'aa juu, chini nyuzi zimeoza. Kwa hiyo fundi hukibonyeza kwa kipimo maalumu, au hukata kipande kikavutwa kwa mashine mpaka kikatike. Miongozo ya Marekani husema nguvu ikishuka chini ya asilimia 70 ya ile ya kitambaa kipya kinachotakiwa, kivuliwe chote.

Kisha kuna panya. Rongai ni nchi ya mahindi, na ndege iliyolazwa jirani na ghala haikosi wageni. Hujenga viota ndani ya bawa, na mkojo wao hula chuma. Vitundu vya kutolea maji chini ya bawa navyo huzibwa na vumbi. Maji yakituama, mbao huoza kimyakimya.

Kuruka bila kibali cha KCAA, mamlaka ya safari za anga, ni kosa. Na kama bawa bado halijavikwa, mwite mkaguzi sasa, aione mbao na gundi wakati bado zaonekana.