Kalamu ya Mwanafunzi wa Biashara (2): Hoja Yenye Mizani

Ukitaja Bagamoyo, wengi hukumbuka pwani na magofu ya Kaole. Lakini Tukuyu nako kuna Bagamoyo, kata ya mjini wilayani Rungwe, kwenye nchi ambayo ndizi, chai na viazi ndivyo vinavyolipa ada. Kijana anayetoka huko kwenda Mbeya, mwendo wa kilomita 70 hivi, kusomea uhasibu au masoko, anaondoka akiwa ameshaiona biashara kwa macho yake. Kinachompungukia ni kuitetea hoja kwa maandishi.

Chukua suala la lumbesa. Gunia la viazi hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezwa kilemba kinachofumwa kwa kamba. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mwanafunzi anaweza kuandika kwamba wakulima wananyonywa, akaishia hapo. Msomaji ataitikia kwa kichwa na kufunua ukurasa. Au anaweza kwenda na mizani. Tuseme gunia limepima kilo 130, na mkulima kalipwa bei ya gunia moja. Magunia kumi yamebeba kilo 300 za bure, yaani magunia matatu kamili. Sasa msomaji ana kitu cha kubishana nacho.

Na mchuuzi atabisha. Atasema ushuru na nauli ya lori vinahesabiwa kwa gunia, kwa hiyo gunia kubwa ndilo linalomwachia faida. Mwandishi mchanga huiruka hoja hiyo, naye hapo ndipo anapopoteza kesi. Aliyekomaa huiandika kwa haki, halafu anauliza: kwa nini visitozwe kwa kilo?

Ujuzi huo ndio unaoleta ajira na mtaji. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kikundi kinachoomba hupeleka andiko la mradi. Anayelisoma ana sababu nyingi za kukataa. Ofisa mikopo wa benki ni hivyo hivyo, na mwajiri anayepokea barua ya maombi pia. Wote wanataka dai, tarakimu, na jibu la shaka zao kabla hawajazitamka.

Mfano mkubwa tunao nyumbani. Erica Fiah, Muganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alisaidia kuunda chama cha ustawi na biashara cha Waafrika wa Tanganyika mwaka 1934. Mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu, wakati sheria ya kikoloni ikibana mikopo ya Waafrika. Hakuwa mwandishi wa kuajiriwa. Alikuwa mwenye duka aliyeona kwamba malalamiko ya kaunta hayafiki kwa gavana mpaka yachapishwe. Gazeti lake lilidumu zaidi ya miaka kumi. Inasikitisha kwamba wanafunzi wengi wa biashara humaliza chuo bila kulisikia jina lake.

Sehemu ijayo itaeleza namna ya kuandika aya ya kwanza. Kwa sasa, mwanafunzi aliye likizo Tukuyu na aazime mizani sokoni, apime magunia matatu, aandike maneno 400, kisha ayapeleke gazetini.