Mwalimu Hodari wa Hisabati Abakie Darasani

Katika shule zetu nyingi, mwalimu wa hisabati au fizikia akishajulikana kuwa hodari, siku zake za darasani zimeanza kuhesabika. Ataitwa kuwa makamu wa mkuu wa shule, kisha mkuu wa shule, kisha afisa wa elimu. Asipoitwa huko, ataitwa na benki, na kampuni ya simu, na mradi wa wafadhili unaohitaji mtu anayejua takwimu. Wazazi watampongeza, na wana haki ya kumpongeza, kwani naye ana watoto wa kulisha na kodi ya nyumba ya kulipa. Lakini wanafunzi wa kidato cha tatu watarudi likizo na kukuta ubao mtupu.

Hasara hiyo haionekani siku ile ile. Huonekana katika matokeo ya mtihani wa kidato cha nne. Tanzania Bara, katika mtihani wa mwaka 2021 na ule wa 2022, waliofaulu hisabati walikuwa takriban mmoja katika kila watano waliofanya mtihani. Wanne waliobaki wamefungiwa mlango wa uhandisi, uhasibu, na fani nyingine nyingi ambazo jamii yetu hulalamika kila mwaka kwamba haina watu wake ndani yake. Tunajenga shule, tunajenga maabara, tunapaka rangi na kualika mgeni rasmi. Jambo la kumbakiza mwalimu aliye bora mbele ya wanafunzi hatulipangii bajeti.

Wiki hii tumeona tuwaeleze wasomaji wetu namna watu wengine walivyolipangia.

Jijini New York, Marekani, mwaka 2004 ilianzishwa taasisi inayoitwa Math for America. Mwanzilishi wake, James Simons, hakuwa mwanasiasa wala mtu wa wizara. Alikuwa mwanahisabati aliyepata shahada ya uzamivu akiwa na umri wa miaka 23, akafanya kazi ya kufumbua maandishi ya siri ya serikali, akaondolewa katika kazi hiyo baada ya kuipinga hadharani vita ya Vietnam, kisha akaongoza idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Stony Brook. Baadaye aliacha chuo akaingia katika masoko ya fedha, na kampuni yake, Renaissance Technologies, ikamfanya kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi ile. Alifariki dunia Mei 2024.

Hoja ya Simons ilikuwa nyepesi kueleweka. Mtu anayeijua hisabati barabara anatafutwa na waajiri wengi wenye fedha, naye akiwa mmoja wao alilijua hilo kuliko wengi. Shule ya serikali haiwezi kushindana nao kwa mshahara. Basi apatikane mtu wa kuongeza kitu juu ya mshahara ule, na kitu hicho kipewe mwalimu aliye bora kwa sharti moja kubwa: aendelee kufundisha.

Mwalimu anayechaguliwa hupewa dola 15,000 kila mwaka kwa miaka minne, juu ya mshahara wake wa kawaida. Mwanzoni mpango ulikuwa wa walimu wa hisabati peke yao. Baadaye wa sayansi wakaingizwa, na idadi yao wote ikafika takriban elfu moja kwa wakati mmoja. Haombewi na mkuu wake wa kazi. Yeye mwenyewe huomba, hupimwa ujuzi wake wa somo na ufundishaji wake. Miaka minne ikiisha, anayetaka kuendelea huomba upya.

Fedha hizo, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Jioni, baada ya vipindi, walimu hao hukutana Manhattan katika mafunzo ambayo mengi huongozwa na walimu wenzao. Mmoja ataonesha namna anavyofundisha sehemu kwa watoto walioshindwa mara tatu. Mwingine ataingia katika hisabati ya juu isiyofundishwa shuleni kabisa, kwa sababu tu wenzake wanaitamani. Msomaji wetu aliyepitia chuo cha dini atatambua mara moja kitu gani kinaelezwa hapa. Ni halaka. Watu wa elimu moja wanakaa duara moja, na kila mmoja ni mwanafunzi na mwalimu. Kwa mwalimu wa fizikia aliye peke yake katika shule nzima, asiye na mtu wa kumuuliza swali linalomsumbua, pengine kikao hicho kina uzito kuliko zile dola.

Hapa pana jambo ambalo wajumbe wa bodi za shule zetu wangelitazama kwa makini, kwa kuwa ndipo wengi hupotoka. Wanaposikia habari ya kumtuza mwalimu, mawazo yao hukimbilia kwenye bahasha: kila A, kiasi fulani, kila B, kiasi fulani. Njia hiyo imejaribiwa kwa uangalifu huko huko Marekani. Katika mji wa Nashville, tangu mwaka 2006 hadi 2009, walimu wapatao 300 wa hisabati waliojitolea kushiriki waligawanywa kwa kura. Kundi moja liliahidiwa bonasi ya hadi dola 15,000 kwa mwaka iwapo alama za wanafunzi wao zingepanda sana. Kundi la pili halikuahidiwa kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walipotoa matokeo mwaka 2010, walionesha kwamba kwa jumla wanafunzi wa makundi yale mawili hawakutofautiana.

Kiasi ni kile kile cha dola 15,000, lakini malipo hayo mawili ni vitu tofauti. Bonasi ya Nashville ilimwambia mwalimu: ongeza bidii nikulipe. Ilidhania kwamba mwalimu alikuwa amezuia ujuzi wake mfukoni akisubiri bei ipande. Ruzuku ya New York inamwambia: tumekwisha kukupima, tumeridhika nawe, tunakuomba usiondoke. Haimfundishi kuwinda alama za mtihani mmoja, wala haimgombanishi na jirani yake wa chumba cha pili. Kwa maoni yetu tofauti hiyo ndiyo roho ya jambo lenyewe, na shule itakayoiga ruzuku huku ikiigeuza kuwa bahasha ya A na B itapoteza fedha na pengine na walimu.

Ipo mipango mingine ya aina hii. Harry Knowles, mwanafizikia aliyetajirika kwa mashine za kusomea alama za mistari tunazoziona madukani, yeye na mkewe Janet walianzisha mfuko wao mwaka 1999. Wao huwashika mkono walimu wachanga wa sekondari kwa miaka mitano ya mwanzo, miaka ambayo wengi hukata tamaa. Serikali ya Marekani nayo ina mpango unaobeba jina la Robert Noyce, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Intel. Mwanafunzi wa sayansi husomeshwa, na kwa kila mwaka aliosomeshwa hudaiwa miaka miwili ya kufundisha katika shule zenye uhaba. Akikimbia, ufadhili hugeuka deni.

Msomaji makini atauliza kuhusu chimbuko la fedha za Simons, na swali lake ni la haki. Utajiri ule ulitokana na kununua na kuuza katika masoko ya fedha kwa kasi ya kompyuta, na mengi ya masoko hayo yana mjadala mzito kwa wanazuoni wetu. Sisi tunauangalia utaratibu wa kutoa. Hatukusudii kuurithi utaratibu wa kuchuma. Lipo pia swali la pili, nalo kwetu ni zito zaidi: ruzuku ya namna hii humfikia mwalimu aliyekwisha kuwa bora, na pengine angebaki hata bila ya ruzuku, ilhali shule isiyo na mwalimu wa fizikia hata mmoja haipati chochote. Ni kweli. Ruzuku ya kumbakiza mwalimu haiwezi kuziba pengo la ajira, na jimbo la New York lilipoanzisha mpango wake wa kufanana na huo mwaka 2013, kwa kiasi kile kile na miaka ile ile minne, halikuufanya badala ya kuajiri walimu. Lakini kuajiri bila ya kubakiza ni kujaza maji katika ndoo iliyotoboka.

Mambo haya si mageni kwa Uislamu kama yanavyoonekana. Waziri wa dola ya Waseljuki, Nidham al-Mulk, alipofungua Madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad mwaka 1067, aliiwekea wakfu ili mudarisi apate posho yake bila ya kumtegemea mzazi wala mfanyabiashara. Kwa njia hiyo Imam Ghazali alifundisha hapo kuanzia mwaka 1091. (Alipoondoka mwaka 1095, posho haikumzuia, lakini yeye alikuwa na jambo kubwa zaidi moyoni, na hatudhani walimu wetu wa hisabati wanaohamia benki wanaondoka kwa sababu hiyo.)

Atasema mtu kwamba Nidhamiyya ilikuwa ya fiqhi, si ya hisabati. Na tumpeleke Damascus. Katika Msikiti Mkuu wa Bani Umayya, karne ya 14, alikuwapo Ibn al-Shatir, mmoja wa wanafalaki wakubwa waliopata kuishi. Kazi yake rasmi ilikuwa ya muwaqqit, mtu wa kukadiria nyakati za swala. Msikiti ulikuwa mwajiri wa mwanahisabati. Akiwa katika kazi hiyo alitengeneza saa ya jua kwa ajili ya mnara wa msikiti ule, na akaandika nadharia za mwendo wa mwezi na sayari ambazo wanahistoria wa sayansi hadi leo hulinganisha na za Copernicus. Kabla yake, Nasir al-Din al-Tusi alipojenga kituo cha kutazamia nyota huko Maragha mwaka 1259, mapato ya wakfu yalikuwa miongoni mwa yaliyokiendesha. Basi anayedhani kwamba wakfu ni wa majamvi na mabomba ya udhu peke yake ameipunguza historia yake mwenyewe.

Pwani yetu haikukosa wakfu. Zanzibar ina kamisheni rasmi inayosimamia mali za aina hiyo, na katika miji ya Lamu, Mombasa na Tanga wazee waliacha nyumba na mashamba ya minazi kwa ajili ya misikiti na madrasa. Tuseme familia moja imeweka wakfu nyumba inayopangishwa kwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 4,800,000. Ikitolewa robo kwa matengenezo na usimamizi, inabaki 3,600,000, yaani nyongeza ya 300,000 kila mwezi kwa mwalimu mmoja. Hakuna benki itakayotetemeka kwa kiasi hicho. Lakini mwalimu ambaye kila jioni hukimbilia tuisheni mtaani ili apate ada ya wanawe, kiasi hicho humrudishia jioni zake. Akazitumia kusahihisha madaftari, kuandaa jaribio la maabara, au kukaa na watoto wake.

Tunawasihi watakaolifikiria jambo hili wasiwasahau walimu wanawake. Shule zetu nyingi za wasichana hutafuta mwalimu wa kike wa fizikia bila ya kumpata, na anapopatikana huondoka anapojifungua mtoto wa pili, kwa kuwa mshahara wote unamwishia msaidizi wa nyumbani na nauli. Ruzuku yenye akili haimkati mama aliye katika likizo ya uzazi. Humngojea arudi, na miaka yake minne huendelea kuhesabiwa pale ilipoishia.

Wapo watakaotutajia Peter Tabichi wa Kenya, mwalimu wa hisabati na fizikia wa sekondari ya kutwa ya Keriko, huko Njoro, aliyetunukiwa dola milioni moja mjini Dubai mwezi Machi 2019 kama mwalimu bora wa dunia. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja, naye alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa ajili ya wasiojiweza. Tunamheshimu sana. Ila yeye ni mtawa wa Kikristo asiye na mke wala watoto, na mpango wa elimu uliojengwa juu ya matumaini ya kupata watu kama yeye hautapata walimu wa kutosha hata wilaya moja. Mwalimu wa kawaida ana mama mgonjwa kijijini na mtoto anayeingia kidato cha kwanza.

Miezi hii bodi nyingi za shule za Kiislamu zinaandaa mikutano ya mwisho wa mwaka. Taarifa za majengo zitasomwa, na za ada ambazo hazijalipwa. Tungependa mzazi mmoja anyanyue mkono aulize: katika miaka mitatu iliyopita, ni walimu wangapi wa hisabati na sayansi wameondoka hapa, walikwenda wapi, na ni kiasi gani kingetosha kuwabakiza?