Mbwa wa mfanyabiashara hufunzwa na wanaobaki nyumbani

LUBAGA, Kampala – Mfanyabiashara anayepitia Nateete na Busega kuelekea mpaka wa Mutukula anaweza kukaa siku kadhaa nje ya nyumba yake. Anayekwenda Busia au Malaba ni vivyo hivyo. Nyuma anaacha watoto, mzigo ambao haujauzwa, na mbwa langoni. Mbwa huyo akiwa hajafunzwa, ulinzi wake ni wa kubahatisha: atambwekea jirani na mwizi sawasawa, au atamng'ata mteja aliyekuja kuchukua mali yake.

Mkufunzi wa mbwa anahitaji malipo na muda, kwa hiyo wengi hugeukia video za mafunzo kwenye simu. Video nyingi zipo bure YouTube, ila kuzitazama kuna gharama. Tangu Julai 2021 Uganda inatoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data za intaneti, uliochukua nafasi ya kodi ya mitandao ya kijamii ya Sh200 kwa siku iliyoanza Julai 2018. Ni nafuu kuchagua mfululizo wa mkufunzi mmoja, kuupakua mahali penye waifai, na kutazama somo zima kabla ya kumfungulia mbwa.

Somo lenyewe ni jepesi. Mbwa hurudia tendo lililompa faida. Akikaa kitako, apewe tuzo papo hapo. Ukichelewa, atadhani anatuzwa kwa kusimama. Dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, zinatosha. Biskuti za mbwa zinazoonekana kwenye video hazina ulazima. Mukene, ambao Mtanzania huwaita dagaa na Mkenya omena, wanafaa sana, mradi wamesafishwa mchanga na hawana chumvi. Vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa vinafaa pia.

Kikwazo kikubwa huwa ni lugha. Video inasema "sit", mama anasema "tuula" kwa Kiluganda, na baba aliyezoea njia za mpakani anasema "kaa". Mbwa anaweza kujifunza lugha yoyote, lakini neno likibadilika kila siku hatajua anatakiwa kufanya nini. Familia ikubaliane neno moja kwa kila tendo, "jangu" au "njoo", na kila mtu alitumie, pamoja na kijana wa kazi. Bila hivyo, kazi ya wiki nzima hupotea mwenye nyumba akiwa safarini.

Kipo ambacho video haiwezi kufanya: haimwoni mbwa wako. Haijui kama amekunja mkia kwa hofu au anakaribia kung'ata. Video zinazoonyesha kumchapa mbwa au kumchokoza ili awe mkali ni za kuepukwa, kwani mbwa aliyelelewa kwa hofu humng'ata hata mtoto wa nyumbani. Kumfunga mnyororo mchana kutwa kunaleta balaa hilohilo. Mlinzi mzuri hubweka mgeni anapofika, kisha hunyamaza akiamriwa. Mbwa ambaye tayari ameng'ata mtu apelekwe kwa daktari wa mifugo au mkufunzi. Huyo si wa kujaribia video.

Mafunzo pia hayachukui nafasi ya chanjo. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na dalili zikishajitokeza mgonjwa ni nadra sana kupona. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Anayenunua mbwa nchi jirani awe na cheti cha chanjo, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo na kibali cha kumwingiza mnyama, kabla hajafika mpakani.

Kabla ya safari ijayo, chagua mtu mmoja wa kuongoza mazoezi, mpe maneno mliyokubaliana na mfuko wa mukene, kisha mwangalie akimfanyisha mbwa zoezi mbele yako. Mbwa akimtii yeye, unaweza kwenda kufuata mzigo.