Msukumo wa Nyuma au Magurudumu Yote Manne?

Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda Safari Rally akiendesha Toyota Celica, gari la milango miwili ambalo injini yake ilisukuma magurudumu ya nyuma tu. Mwaka uliofuata Juha Kankkunen akashinda kwa Celica ya aina hiyohiyo, na 1986 Waldegård akalichukua tena taji. Wakati huo Audi walikuwa wameshawaonyesha watu, tangu walipotoa Quattro mwaka 1980, kwamba gari lenye msukumo wa magurudumu yote manne huliacha mbali gari la kawaida kwenye theluji na changarawe. Ulaya mjadala ulikuwa umekwisha. Hapa kwetu Kenya ulisubiri hadi 1987, Hannu Mikkola alipokuja na Audi 200 quattro, saluni kubwa ya milango minne, akaondoka na ushindi. Tangu mwaka huo hakuna gari la msukumo wa nyuma lililoshinda Safari ya ubingwa wa dunia.

Kwa nini tulichelewa? Safari ya miaka ile ilikuwa ya maelfu ya kilomita za mawe, tope na vumbi, na aliyeshinda mara nyingi ni yule aliyefika gari likiwa zima. Celica haikuwa na difu ya mbele wala difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kisichokuwepo hakivunjiki. Magurudumu manne yalianza kutawala hapa pale tu watengenezaji walipojua kuyafanya yastahimili barabara zetu.

Simulizi hiyo inamhusu moja kwa moja anayekuna kichwa leo kati ya magari mawili ninayoulizwa sana: Toyota 86, au pacha wake Subaru BRZ, kwa upande mmoja, na Subaru WRX STI kwa upande mwingine. La kwanza ni gari la spoti la milango miwili, msukumo wa nyuma, lililotoka 2012 likiwa na injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, nguvu za farasi 200 na uzito wa takriban kilo 1,230. La pili ni saluni ya msukumo wa magurudumu manne. Toleo la Japani la 2014 lina turbo, farasi 308 na uzito wa karibu kilo 1,490. Kwenye karatasi STI inashinda hata kabla hujaliwasha. Lakini hatuendeshi karatasi.

Nianze na mshiko, kwa sababu ndipo wanunuzi wengi wanapopotoka. Tairi lina mshiko wenye kikomo, na mshiko huo ni kama mshahara: kiasi unachotumia kugeuza kona hakibaki tena kwa kusukuma wala kwa kufunga breki. Gari linapoongeza kasi, uzito hurudi nyuma na kuyakandamiza matairi ya nyuma, hivyo kuyapa hayo kazi ya kusukuma kuna mantiki kamili. Matairi ya mbele yanabaki na kugeuza tu, ndiyo maana usukani wa 86 huhisi mwepesi na mkweli, kila unachofanya unakijua mikononi. Tatizo linakuja nguvu zinapozidi. Farasi 308 zikipelekwa kwenye matairi mawili juu ya lami iliyolowa, zitayazungusha bure. Zigawe kwa manne, kila tairi linabeba mzigo linaoumudu, na gari linaondoka. Kwenye udongo mwekundu ulionyeshewa, tofauti haina ubishi: STI inapanda, 86 inahangaika.

Hapo ndipo faida ya magurudumu manne inapokoma. Ukifunga breki, magari yote mawili yanatumia matairi manne, sawa kwa sawa. Kwenye lami yenye maji ambapo tairi lina nusu hivi ya mshiko wake wa lami kavu, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linahitaji mita 63 hivi kusimama, bila kuhesabu muda wa dereva kushtuka. Likienda 100, linahitaji mita 98. Hesabu hiyo haiulizi injini inasukuma magurudumu gani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimesikia watu wazima wakiniambia wamenunua Subaru ili iwalinde kwenye mvua za masika. Gari hilo linakupa uhakika unapokanyaga mafuta, halitelezi, halilalamiki, kwa hiyo barabara inaonekana salama kuliko ilivyo. Unafika kwenye kona za mteremko wa Limuru kwenda Mai Mahiu, ukungu umeshuka na lami imelowa, ukiwa na kasi ambayo mwenye 86 angeiogopa mapema, kwa kuwa mkia wake ungekuwa umeshamwonya. Ukitaka usalama wa mvua, nunua matairi mapya mazuri. Fedha hizo zinafanya kazi kwenye gari lolote.

Magari haya pia yanakosea kwa namna tofauti. Kwenye STI, ukikanyaga mafuta katikati ya kona inayoteleza, matairi ya mbele yanaombwa kugeuza na kuvuta kwa wakati mmoja; yakizidiwa, gari linakwenda moja kwa moja usukani ukiwa umekatwa. Ukiachia mafuta taratibu, mbele inashika tena. Kwenye 86 ni mkia unaochomoka, na dawa yake ni kupunguza mafuta bila kuyaachia ghafla, huku ukigeuzia usukani upande ule mkia unakoelekea. Hilo linahitaji mazoezi. Lakini lililo zuri kwa 86 ni kwamba yote hutokea kwa kasi ndogo. Tetsuya Tada, mhandisi mkuu wa Toyota aliyeongoza mradi huo, alikusudia hivyo: matoleo mengi yalitoka kiwandani na matairi ya upana wa milimita 215, membamba kwa gari la spoti, ili dereva wa kawaida aufikie ukomo wa mshiko bila kukimbia kama mwehu. Kwa mtu anayetaka kujifunza kuendesha, kujifunza hasa, sijui gari la bei hiyo linalofundisha vizuri kuliko hili.

STI nayo ina somo lake. Difu yake ya kati inaweza kukazwa au kulegezwa na dereva kwa swichi; ikilegezwa, asilimia 59 ya nguvu huenda nyuma na 41 mbele. Ila angalia usiuziwe kitu kingine. Japani waliuza pia WRX S4, yenye sura karibu ileile na farasi 300, lakini ina giaboksi ya CVT isiyo na klachi ya mguu. Ni gari zuri la safari ndefu. Si STI.

Sasa jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha hapa kwetu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ikilinganishwa na Mombasa. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo zile farasi 200 za 86 zinashuka chini ya 170 hata kabla hujafika Limuru. Ongeza udhaifu unaojulikana wa injini hiyo, kwamba kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 inalegea, na utaelewa kwa nini mtu aliyelipenda gari hili Mombasa analiona zito akilipandisha milima. Turbo hujaza pengo hilo kwa kusukuma hewa zaidi ndani. Anayeishi nyanda za juu na kulitaka gari la msukumo wa nyuma, akiweza, atafute GR86 mpya ya lita 2.4: farasi 235, na ule ulegevu wa katikati umeondolewa.

Gharama ya magurudumu manne inaanzia kwenye matairi, na hapa naomba msomaji aniazime sikio. Desturi yetu ni kununua matairi mawili, mwisho wa mwezi mengine mawili, au kuokota moja la mtumba likipasuka. Kwenye 86 si vizuri, lakini gari litavumilia ilimradi yanayofanana yakae kwenye ekseli moja. Kwenye Subaru ya magurudumu manne unaiua difu ya kati. Tairi la STI la 245/40 R18 likiwa jipya lina mzingo wa milimita 2,050 hivi. Meno yake yakiisha kutoka milimita 8 hadi 3, mzingo unapungua kwa milimita 31. Subaru wenyewe wanataka tofauti kati ya matairi isizidi robo ya inchi, yaani milimita sita na kidogo. Ukiweka mapya mbele na makuukuu nyuma, difu ya kati inalazimika kufidia tofauti hiyo kila mzunguko, kutoka Nairobi hadi Nakuru na kurudi, ikichemsha mafuta yake. Ukienda kuangalia STI ya kununua, chukua futi ya kamba ya fundi cherehani, zungushia kila tairi katikati ya meno, andika namba nne. Ni kazi ya dakika chache, na itakuambia mwenye gari aliishi nalo vipi, vizuri zaidi kuliko maneno yake yote.

Mengine nayapitia haraka. Injini zote mbili zilitengenezwa kwa petroli ya premium ya Japani, oktani 96 kwenda juu. Ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo, basi tia ile ya oktani ya juu, hasa kwenye turbo, vinginevyo injini itagonga ukiipandisha mlima na mzigo. Viti vya nyuma vya 86 ni vya mabegi, si vya watu wazima. Chini yote mawili yako karibu na ardhi, kwa hiyo matuta hayatakuchagulia.

Maoni yangu ni haya. Mwenye gari moja tu, mwenye watoto, anayekwenda kijijini kwa barabara ya udongo, achukue saluni ya magurudumu manne, akubali kununua matairi manne kwa pamoja kila mara. Asiyekuwa na bajeti hiyo asiliguse, kwa sababu STI iliyotunzwa nusu ni hasara kubwa kuliko gari lolote nililotaja. Mwenye gari jingine la kazi, anayetaka Jumapili asubuhi iwe yake, achukue 86 bila kusita.

Kuhusu kununua: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na STI ya aina hii iliacha kutengenezwa kwa soko la Japani mwaka 2019. Nyingi utakazoonyeshwa sasa zimeshapita mikononi mwa watu humuhumu nchini. Ukishapima matairi, nenda kwenye uwanja wa sakafu ngumu, kata usukani hadi mwisho na uzungushe gari polepole, kushoto kisha kulia, difu ya kati ikiwa imelegezwa. Likishikashika na kurukaruka kama limefungwa breki, difu ya kati ina ugonjwa. Tazama pia rangi ya moshi turbo inapoanza kuvuta: wa buluu ni oili.

Kwa 86 na BRZ za mwanzo, za 2012 na 2013, uliza swali moja zaidi. Mwaka 2018 kiwanda kiliziita zirudi kubadilishwa springi za vali, kazi inayohitaji injini kushushwa, na baadhi ya zilizofanyiwa kazi hiyo ziliharibika baadaye kwa sababu gundi ya kuzibia ilipakwa kupita kiasi na kuziba njia za oili. Omba hati ya matengenezo ya gari kwa namba ya chesisi. Kama haipo, mwambie fundi afungue sahani ya oili na kuchungulia chujio la chini kabla hujalipa hata shilingi.